Sahani ya Maua na Chungu cha Jibini

Kina mama, kaeni vizuri. Wenye watoto wachanga nyonyesheni tu, habari yenyewe si ndefu.

Kulikuwa na mama mmoja pale Dodoma mjini, mwenye kazi ya ofisini, mume, binti wa darasa la nne, na mama mkwe. Tumwite Mama Nyemo kwa jina la huyo binti, maana jina lake mwenyewe halitatusaidia kitu. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hili mapema kwa sababu nawajua: mkisikia neno mama mkwe, mnaanza kuangaza macho mbaya ni nani. Mkimtafuta kwenye habari hii mtachoka.

Mama mkwe aliletwa mjini mwezi wa pili kwa ajili ya macho. Daktari alisema ni presha ya macho. Akaandika dawa ya matone, asubuhi na jioni, kila siku, maisha yote, akasisitiza kwamba awepo mtu wa kumtia, kwa sababu mikono ya bibi ilikuwa inatetemeka na tone lilikuwa linaishia shavuni. Kijijini alikuwa anaishi peke yake. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Akikaa kwa mwanawe, ataendelea kuona. Akirudi kwake, taratibu ataacha kuona.

Mwezi wa sita Bibi akatangaza kwamba anarudi kijijini, Jumatatu. Tiketi alikuwa ameshamtuma mtu akanunue.

"Kwa nini, mama?" mwanawe akamuuliza.

"Nimekaa vya kutosha."

"Kuna kitu umekosa hapa?"

"Sijakosa kitu. Mkeo ananitunza kama waziri."

Na ilikuwa kweli. Bibi alikuwa na chumba chake, kitanda, neti mpya na redio. Alikuwa na sahani yake ya kaure yenye maua ya buluu, ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, na kibakuli chake cha mboga chenye mfuniko, na kijiko chake. Kila mlo ukiiva, Mama Nyemo alimpakulia Bibi kwanza, kabla hata ya baba mwenye nyumba, akaviweka vyote juu ya trei na kumpelekea chumbani. Paja la kuku likiwepo, lilikwenda kule. Majirani waliiona ile trei ikipita kila siku wakasema, kweli huyu mama amelelewa. Nyemo alipouliza kwa nini Bibi hali nao sebuleni, aliambiwa: "Wazee wanaheshimiwa."

Je, ninyi mngetaka mkamwana wa namna gani zaidi ya huyo?

Sasa niwaambie kitu ambacho majirani hawakukijua. Wiki ya kwanza Bibi alikuwa anakula na wenzake, mkekani, kama watu wanavyokula kwao: ugali kwenye sinia, mlenda kwenye bakuli moja katikati, kila mkono unamega na kuchovya. Wiki hiyo hiyo Nyemo akaharisha siku tatu. Mama Nyemo alimtazama mtoto, akatazama vidole vya Bibi, ambavyo vilikuwa na ugoro chini ya kucha, na Jumamosi akaenda sokoni akarudi na sahani ya maua.

Baada ya siku kumi shule ikatuma barua kwa wazazi. Tangi la maji la shule lilikuwa limeingia uchafu, watoto karibu thelathini walikuwa wameugua matumbo. Mama Nyemo aliisoma ile barua, akaikunja, akaiweka chini ya redio. Sahani ilikuwa imeshanunuliwa. Mnajua mambo yanavyokwenda. Kitu kikishakaa kabatini kinapewa jina, na jina hilo watu wanalizoea. Hii ikaitwa heshima.

Basi Bibi aliposema anaondoka, mume akamfuata mkewe jikoni. "Akirudi kule, macho yanaisha. Na watu watasema ni wewe."

"Watasema ni sisi," Mama Nyemo akamjibu, huku anakwangua ukoko. "Mimi nimefanya kila kitu. Niambie kilichobaki."

Hakuwa na uchungu, alikuwa amechoka tu. Alikuwa anaamka saa kumi na moja, anatia dawa ya macho, anaandaa mtoto, anakwenda kazini, anarudi anapika, anapeleka trei, anatia dawa tena. Akawaza usiku mzima, na alichokipata ni hiki: kama heshima ya nyumbani haikumtosha Bibi, basi apewe kubwa zaidi. Kazini kwao kuna dada mmoja alikuwa ameusifu mgahawa mpya kule juu kilimani, unaopika chakula cha Uswisi kinachoitwa fondyu. Wakubwa wanakula pale, alisema. Mama Nyemo akatoa fedha aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya kapeti, akasema Jumamosi mchana tunamtoa Bibi, na huko huko tutamwomba abaki.

Wakaenda, wanne. Ukutani kulikuwa na picha za milima yenye theluji. Viti vilikuwa na ngozi ya ng'ombe, yenye manyoya yake, kiasi kwamba Bibi alipokipapasa chake aliuliza kama kimeshachinjwa. Mhudumu alikuwa mwanamume wa makamo mwenye aproni nyekundu. Aliondoka, wakamngoja nusu saa, akarudi na chungu kidogo chekundu, akakiweka juu ya kitaa cha spiriti. Ndani mlikuwa na uji mzito wa rangi ya manjano uliokuwa unatoa mapovu. Pembeni akaweka kikapu cha mkate uliokatwa vipande kama vya kulishia ndege, viazi vinne vya kuchemsha, matango madogo ya siki, na uma nne ndefu.

"Chakula chenyewe kinakuja saa ngapi?" Nyemo akauliza.

"Ndicho hiki, mrembo," mhudumu akasema, bila aibu. "Jibini aina mbili imeyeyushwa, kitunguu saumu, na mvinyo mweupe kidogo."

Baba Nyemo, ambaye ni mzee wa kanisa, akaiweka uma mezani. "Mvinyo?"

"Umechemka, mzee. Umebaki jina tu."

"Jina ndilo litakalofika kanisani."

"Mimi sisali kanisa lenu," mhudumu akasema. "Sasa niwaeleze desturi. Kwenye fondyu hakuna sahani ya mtu. Wote mnachovya chungu kimoja. Na mkate wako ukikuponyoka ukazama, unapewa adhabu, anayeichagua ni mkubwa wa meza."

Bibi, ambaye mpaka hapo alikuwa amekaa kama mtu anayengoja jina lake hospitalini, akageuza uso kufuata ile sauti. "Wote?"

"Wote, bibi."

"Chungu kimoja?"

"Kimoja tu."

"Na hawaogopi matumbo?"

Mhudumu akacheka sana. Baba Nyemo naye akacheka. Mama Nyemo akanywa maji.

Chakula kilikuwa kibaya, sitaki kuwadanganya. Kilinuka kama soksi zilizonyeshewa. Kilikuwa na chumvi, halafu chumvi, halafu mkate uliolala. Ukichovya, jibini inakufuata kwa nyuzi ndefu mpaka kidevuni, na Baba Nyemo alikwisha kulichafua shati lake la kitenge kabla hajameza tonge la tatu. Nyemo akala viazi, chake na cha baba yake. Kile kitaa kilikuwa hafifu, na moto ulipopungua jibini ikaanza kuwa ngumu na mafuta yakaelea juu. Wakaomba spiriti, wakaambiwa inalipiwa. Mkate ukaisha, wakaambiwa kikapu cha pili nacho kinalipiwa. Mama Nyemo akaanza kulihesabu lile kapeti kichwani, upande mmoja baada ya mwingine, likipungua.

Lakini Bibi alikuwa anakula.

Kipande cha kwanza alikinusa. Akachovya, akanyanyua kidogo, akausikia ule uzito unavyovuta, na uso wake ukabadilika. "Huu ni mlenda," akasema. "Mlenda uliokosa magadi." Akazungusha mkono mara moja, akaukata uzi kwenye ukingo wa chungu, na mkate ukaja mdomoni safi, bila hata uzi mmoja. Nyemo akaona. "Bibi, umefanyaje?"

"Msivute kwenda juu kama watu wanaochota maji kisimani. Zungusha. Kata pembeni. Haya, sasa nyanyua. Hapo! Umeona? Baba yako mwambie aangalie, alijua hii kabla hajajua kusoma, mji umemharibu."

"Mama, ile ilikuwa kwa mkono," mwanawe akajitetea.

"Uma ni mkono mwembamba. Chovya."

Akacheka. Macho yale mabovu yalikuwa hayakioni chungu vizuri, lakini uma yake ilikuwa inakwenda na kurudi bila kumgonga mtu, inapisha ya mtoto, inangoja ya mwanawe, inaingia. Mama Nyemo akaikumbuka miezi yote akakuta kwamba hajawahi kumsikia huyu mama akicheka. Trei ilikuwa inaingia kimya, inatoka kimya. Akafikiri, kumbe anapenda vitu vya kizungu. Ndivyo alivyofikiri, kina mama. Mtu ukiwa umechoka unaweza kuangalia kitu kimekaa mbele ya pua yako usikione.

Na akiwa katika kufikiri hivyo, mkate wake ukaponyoka.

"Mama kadondosha!" Nyemo akapiga kelele, mpaka meza ya jirani wakageuka. "Adhabu! Adhabu!"

"Aimbe," mumewe akasema.

"Afue shati la baba!"

Bibi akainua mkono. "Mkubwa wa meza ni nani?"

"Ni wewe, Bibi."

"Basi nyamazeni." Akaiweka uma yake chini. Akaugeuza uso kwa mkamwana wake, taratibu, kama mtu anayepanga mzigo kichwani kabla hajasimama. "Adhabu yake ni ndogo. Anijibu swali moja. Mama Nyemo, ile sahani yangu ya maua. Ni heshima, au ni tumbo?"

Kina mama, nawauliza. Ungejibu nini? Jibu la kwanza lilikuwa tayari, limekaa mdomoni miezi minne, limeshasemwa kwa mtoto, kwa mume na kwa majirani, na hakuna aliyelikataa. Lilikuwa zuri. Lingempa Bibi nafasi ya kusema asante, wakaendelea kula.

Mama Nyemo akatazama kile chungu. Uma yake na uma ya Bibi zilikuwa zimeingia humo kwa saa nzima.

"Ni tumbo, mama," akasema.

"Tumbo gani?" mumewe akauliza.

Bibi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa anaijua. "Nyumbani kwako kuna sponji mbili. Ya kijani inaosha sahani yangu tu, halafu inaanikwa dirishani peke yake. Macho yangu hayaoni mbali, Mama Nyemo. Jikoni kwako si mbali."

"Sasa mama, kwa nini hukusema?" Mama Nyemo akauliza.

"Niseme nini? Mtu anakuletea paja la kuku ndani ya maua, umwambie amekukosea? Ningeonekana kichaa. Hata huyu mwanangu angesema mama amezeeka." Akaipapasa meza mpaka akaipata glasi yake ya maji, akanywa. "Tumbo lina dawa. Ungeniambia, mama, nawa kwa sabuni, ugoro acha mpaka baada ya kula, ningenuna siku mbili, ya tatu ningenawa. Ile heshima yako ndiyo haina dawa. Mtu utaikataaje? Nimekaa chumbani na kuku wangu nawasikia mnacheka sebuleni. Nikasema, kwangu kule silali na redio wala neti, lakini jirani akipika dona ananiita."

Mama Nyemo hakulia. Si mtu wa kulia mbele ya watu. Alichukua uma, akautafuta ule mkate uliozama, akaupata umeshakuwa kama chokaa, akaula.

Bili ilipokuja ilikuwa laki moja na elfu themanini na tano, pamoja na spiriti. Baba Nyemo aliisoma kwa sauti kwa sababu hakuamini macho yake. "Mbuzi wawili," Bibi akasema. "Na bado nina njaa."

Kule chini barabarani walisimama kwenye kibanda cha chipsi. Wakaagiza chipsi mayai, sahani moja, vijiti vinne, elfu sita. Wakala wote wanne wamesimama. Hakuna aliyemtajia Bibi Jumatatu.

Jumatatu aliondoka. Najua mlitaka niseme alibaki, lakini tiketi ilikuwa imelipwa, na Bibi si mtu wa kuacha fedha ya mtu ipotee. Mama Nyemo alimpeleka stendi, akamtia matone, akamkabidhi chupa, akamweka dirishani. Waliongea kuhusu mvua. Basi likaondoka, naye akaenda kazini.

Alhamisi jioni akakuta mzigo barazani. Bibi alikuwa amekwenda kufunga nyumba. Alikuwa amerudi na kuku wawili, na jembe lake, na mfuko wa sandarusi uliojaa mlenda mkavu, wa kutosha mpaka mvua za mwaka ujao. Mama Nyemo akaufungua, akaunusa, akapima kwa macho. Akaingia ndani kusonga ugali. Ile sahani ya maua siku hizi inafunika ndoo ya maji ya kunywa. Barua ya shule bado iko chini ya redio. Hakuitupa.

Habari yao imeishia hapo. Sasa sisi.

Najua mmecheka kwenye jibini. Mimi pia. Mtu kulipa bei ya mbuzi wawili ili afanye kwenye meza ya watu kile alichokikataza kwenye mkeka wake mwenyewe, ambako kilikuwa bure. Lakini msitoke hapa mkasema somo lilikuwa la mama wakwe. Kuogopa si dhambi. Mtoto akiharisha siku tatu, mama lazima aogope. Na kunawa ni wajibu. Kosa la Mama Nyemo lilianza pale alipoifunika hofu yake kwa maua na kumpelekea mwenzake kwenye trei, ili mwenzake ashindwe kuikataa, na yeye asifiwe.

Msichana wa kazi anakula jikoni, tunasema kule yuko huru zaidi. Mjane tunampa kiti cha mbele ibada ya Jumapili, na tangu mazishi hakuna aliyekaa kwenye kochi lake. Bwana wetu, jioni ile ya mwisho, alikuwa na sababu kuliko sisi sote ya kumpa mtu mmoja sahani ya peke yake. Alimjua ni nani, alijua atamsaliti. Akachovya naye bakuli moja.

Na sasa nitasema la kwetu, hapa hapa kwenye jengo hili. Mwaka jana mmoja wetu alitoka hospitali. Alikuwa ametibiwa kifua kikuu, akamaliza dawa, akapewa karatasi ya kupona, akatuonyesha. Mwezi huo huo tulikaa kikao tukapitisha kwamba kuanzia sasa, kwenye chakula chetu cha pamoja, kila mama aje na sahani yake na kikombe chake. Kwenye muhtasari tukaandika: kwa ajili ya usafi na heshima. Hakuna aliyemtaja. Nilinyoosha mkono na mimi, tena nilikuwa wa pili. Alikuja mara mbili na sahani yake, akakaa pale mwisho. Mara ya tatu hakuja. Tukasema, pengine ana shughuli.

Kwa hiyo mkiona leo hakuna harufu ya chakula kule nyuma, msishangae. Chakula kimeshakwenda nyumbani kwake tangu asubuhi, kwenye masinia manne. Nilikwenda jana kumwomba. Nilimweleza kile kikao kilikuwa cha nini hasa, akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Hamwogopi?"

Nikamwambia wapo wanaoogopa, na mimi nimo. Nikamwambia tunakuja hivyo hivyo.

Haya, inukeni. Ni mwendo wa dakika kumi. Sabuni ninayo mimi. Sahani zenu ziacheni hapo hapo, chini ya mabenchi.